Akina Mama Walipovuta Kamba

Nilipokuwa kidato cha pili, miwa ilistawi eneo letu zima la Kabras, na siku ya kufunga shule akina baba walitujia wamevaa suti mpya, wamesimama kwenye trela la trekta kama mabwana harusi. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti nzito, alitusomea habari za mwaka: maabara imeezekwa, kwaya imefika mashindano ya mkoa. Kisha akakunja karatasi yake.

"Wazazi, hamkuja kuketi tu. Leo akina mama watashindana kuvuta kamba na akina baba."

Sisi wasichana tulishangilia kama wendawazimu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ulikuwa tope tupu. Baba yangu alikunja mikono ya koti, akamwambia mama, "Nitakuvuta polepole, usiumie." Mama alivua viatu, akajifunga leso kiunoni.

Filimbi ilipolia, akina mama walianza kuteleza mbele. Hapo mwalimu mkuu akatupa viatu vyake, akadaka ncha ya kamba. "Vuteni, dada zangu!"

Kamba ilisimama, ikatetemeka, halafu akina baba wote wakaanguka matopeni kwa pamoja, suti na tai. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alipiga vigelegele, yeye ambaye hata kanisani aliimba kwa kunong'ona.

Tukirudi nyumbani kwenye trela, baba alijipangusa tope usoni, akanigeukia.

"Mwakani," akasema, "mimi nitavuta upande wa mama yako."