Miiba Iliyofunga Njia ya Mto

Mwaka wa 1998 nilikuwa na miaka kumi, na ndio mwaka shida ilipoingia kwetu. Hata leo nikisikia bonge la udongo likianguka mtoni, ule mshindo mzito kama gunia la mahindi limetupwa majini, hasira yangu huamka. Wanaosema hasira huisha kwa umri hawajakosewa sawasawa.

Kwetu ni chini ya Garsen, njia ya kwenda Chara. Mafuriko yalikuwa yamepita, yameacha harufu ya matope na samaki waliokwama, na ukingo wa mto umesimama wima, mrefu kuliko nyumba. Sasa sikiza desturi yetu. Mto ukila ukingo, njia husogezwa ndani, hata ikipita katikati ya mahindi yako, wala hulalamiki, maana njia ni ya wote. Ile ya zamani hulazwa tawi la miiba. Basi. Hata mtoto wa miaka minne akiliona hugeuka. Baba alikuwa amekata mistari miwili ya mahindi yake mabichi ili watu wapite, akalaza miiba kwa mkono wake.

Ndipo wakaja wageni sita kutoka mjini, watu wa kutembea kutwa nzima kando ya mto kwa kupenda tu. Jambo hilo lilituchekesha, maana sisi tulitembea kwa kukosa gari. Kampuni iliyowaleta ikampa Baba kazi ya kuwaongoza, nami nikafuata na dumu la maji kichwani. Mkubwa wao tulimbandika jina la Bwana Kofia. Njia nzima aliuliza maporomoko ya maji yako wapi. Baba akamjibu kwamba yako huko juu milimani, sisi huku tunaletewa matope yake.

Tulipofika kwenye miiba, Bwana Kofia akataka kupiga picha ukingoni. Baba akamwambia pale mto umeshakula kwa chini, limebaki ganda. Yule bwana akasema wenyeji hupenda kuwaficha wageni mahali pazuri, akaivuta miiba kando, akapita. Akainua kamera. Ardhi ikaondoka naye.

Baba alikimbilia mtumbwi wa jirani, akamtoa majini mguu umevunjika, na mamba wawili ng'ambo wanatazama. Ahsante hatukuisikia. Bwana Kofia, amelala kwenye matope, akafoka:

"Wewe mzee, kwa nini hamkuweka kibao cha kuonya watu?"

"Miiba ndiyo kibao," Baba akasema. "Na umekiondoa mwenyewe."

Siku ya tatu kampuni ikaleta karatasi. Baba aliambiwa ni ya kushuhudia kwamba mgeni aliokolewa. Akatia dole gumba kwa fahari. Mimi wa darasa la nne nilisimama pale, nikaona Kiingereza nisichokijua. Wageni wengine walipokuja, Baba akaenda kuomba kazi, ndipo karani wa kampuni akamsomea ile karatasi: imeandikwa kwamba yeye ndiye aliyewapeleka watu ukingoni. Kazi hakuipata tena, na ndiyo iliyokuwa ilipe karo yangu. Shule ikaishia hapo.

Kwa miaka mingi nilimlaumu Baba kwa kudanganyika. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Kwake alama ilikuwa ahadi. Anayelaza miiba hadanganyi; anayeandika karatasi atadanganyaje? Alidhani dunia yote imelelewa kama yeye. Wale wageni wakamwita mjinga, wao waliosoma hadi chuo na tawi moja likawashinda kusoma.

Mimi nilianza na jembe na sufuria ya kukaangia samaki pale Garsen. Herufi nilizimalizia mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia samaki. Leo nina ekari nne za mpunga, mashine ya kukoboa, nyumba ya mawe, mitumbwi miwili, ng'ombe saba wanaochungwa na rafiki yangu Mworma, mfugaji, na hati tatu za ardhi zenye jina langu. Kila hati niliisoma neno kwa neno, polepole, kabla ya kutia sahihi, na karani wa ardhi alingoja.