Alama ya Chaki kwenye Propela

Pikapu ilikuwa ya ndugu yangu mdogo, lakini difu ya nyuma, yaani gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, niliitafuta mimi, kule Mlolongo, kwa wauza vipuri vya mtumba. Ile ya zamani ilikuwa imesagika meno. Wiki hiyo mvua ilikuwa imeanza kunukia, na yeye alikuwa Yatta akishona magunia ya ndengu ili awahi soko kabla mto haujajaa.

Fundi wetu ni mzee mpole. Hunipa heshima ya kuniita mwaitu, yaani mama, ingawa ananizidi umri. Aliifunga difu mpya, kisha akakataa kunipa ufunguo.

"Hatujui uwiano wake," alisema. "Hii gari ni fobaifo, mwaitu, inavuta na magurudumu yote manne. Iko na difu ya mbele na ya nyuma. Zikikosa kufanana, kwa lami hutasikia kitu. Siku atatia fobaifo, zitavutana mpaka moja ivunjike. Na haivunjikangi mahali pazuri."

Kibati cha mlangoni chenye namba za kiwandani kilikuwa kimeliwa na kutu. Hata kingesomeka, kingetuambia habari za difu iliyokufa. Fundi akahesabu meno ya ile ya zamani: arobaini na moja kwenye duara kubwa, kumi kwenye dogo. Kwa hiyo tulitafuta uwiano wa nne na kidogo. Akainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lingine akaliwekea mawe, akachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, ule mhimili unaoingia kwenye difu. Kwa mtindo huo tairi huzungushwa mara mbili, na raundi za propela ndizo uwiano. Mgongo wake haukumruhusu kulala chini, basi nikalala mimi, na leso yangu ya kanisani.

Mimi si mtu wa subira, na sijawahi kujisifu kwamba ninayo. Kina mama wa kikundi walikuwa wananingoja, matone ya kwanza yalikuwa yakigonga bati, na mafuta machafu yalikuwa yakinidondokea shingoni. Alizungusha. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Chaki ikaja kwa raundi ya nne, ikasimama kabla ya kuitimiza. Ilibaki nafasi ya vidole viwili hivi.

Niliiona. Nataka hilo lieleweke, maana nimejaribu miaka yote hii kujidanganya kwamba sikuiona.

"Ngapi?" aliuliza fundi.

"Nne na kidogo," nikajibu.

"Ngoja tuzungushe mara ishirini. Kosa ndogo inajificha kwa raundi mbili."

"Mzee, nimesema nne na kidogo! Unataka nilale huku mpaka Krismasi?"

Akashusha jeki polepole, akanipa ufunguo bila kunitazama usoni. Haraka haraka haina baraka, na mimi niliifundisha methali hiyo Sunday school.

Nilimkabidhi ndugu yangu ufunguo, na kwa siku nne gari lilikwenda vizuri, likanguruma kidogo tu kwa nyuma. Siku ya tano ndugu yangu alifika kwenye mto wetu wa mchanga na magunia kumi na mawili. Maji yalikuwa yameanza kushuka kutoka juu. Akatia fobaifo, akavuka salama, maana mchanga huyaacha magurudumu yateleze. Ng'ambo kuna mlima wa mawe. Alijaribu kuitoa fobaifo, mkono wa gia ukakataa, usukani ukawa mzito. Karibu na kilele kilisikika kishindo chini yake. Gari likakosa nguvu, breki zikashindwa na mzigo, likarudi kinyumenyume hadi mtoni na kupinduka. Mguu wake wa kulia ulibaki chini ya mlango saa mbili nzima, huku maji yakipanda.

Alipona, lakini mguu haukunyooka tena. Fundi alikwenda kulifungua gari. Jioni alikuja kwangu, akasimama mlangoni, akasema, "Nyuma ni arobaini na tatu kwa kumi na moja, mwaitu." Hiyo ni nne kasoro kidogo. Kisha akakataa chai akaenda zake, na hajamwambia mtu.

Ndugu yangu aliwaambia watu kwamba alibadilisha gia vibaya mlimani. Alisimama kanisani akaomba msamaha kwa kumtia mke wake hofu. Nilikuwa nimeketi benchi la pili, na nilikuwa na mdomo.

Mwezi uliopita binti yake, aliyemaliza shule, alimwomba amfundishe kuendesha. Alicheka kidogo, akasugua goti.

"Tafuta mtu anajua," alisema. "Nilidhani mimi ni dereva, kumbe sikuwa."

Msichana akanigeukia nimtetee baba yake. Nikainua birika, nikamwongezea ndugu yangu chai.