Kaseti Niliyoianika Juani

Mlio mzito kama wa ng'ombe mgonjwa ulitoka katika radiokaseti yangu, badala ya sauti ya marehemu baba wa profesa wangu. Profesa alikuwa ameniazima kaseti hiyo, nakala ya pekee, kwa ajili ya tasnifu yangu. Nikajaribu kaseti nyingine. Nayo ikalia vilevile. Nikahitimisha kwamba unyevu wa ziwa lililo jirani umeziambukiza zote. Nikaanza na ile ya thamani: nikaianika juu ya bati la paa, kama tufanyavyo na betri zilizochoka. Ikajikunja.

Dada yangu akatia betri mpya kwenye radiokaseti, akaiweka ile kaseti nyingine. Ikaimba vizuri.

"We na masomo yako yote! Ilikuwa betri tu."

Nikaenda posta kumpigia Profesa simu, nikimwita "raia" kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza.

"Alo, Citoyen Profesa? Ile sauti ya papa yenu... niliianika."

"Uliianika? Sauti?"