Pinki Hafifu Kichwani kwa Bibi

Bibi alianza kunitukana kabla sijaota meno. Kwetu Didia hilo wala si la kushangaa, bibi na mjukuu ni watani, yeye ananiita mume wake na mimi namwambia nimemchoka, natafuta binti. Lakini wa kwangu alikuwa amezidi. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, bibi ndo akanilea, kwa hiyo alikuwa na miaka mingi ya kunichunguza kasoro. Narudi kutoka machimboni huko upande wa Geita, vumbi mpaka kwenye kope, namwamkia shikamoo, haitikii. Anasimama mlangoni na mwiko, ananipandisha na kunishusha kwa macho.

"Hiki nacho ni kitu gani? Gunia la mkaa limejifunza kutembea?"

"Ni mume wako. Nimefuata ng'ombe zangu za mahari, mke mwenyewe alikuwa mbovu."

Hapo anacheka mpaka anashika fremu ya mlango. Akimaliza kucheka ndo ananiletea maji ya kunawa na bakuli la michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, vimechemshwa vikalainika. Bila kutukanwa kwanza chakula chenyewe kilikuwa hakishuki.

Basi akaanza kuburuza mguu wa kushoto. Nikamwambia, mke wangu, umekuwa baiskeli ya kukodi. Akanijibu, bora mimi baiskeli, we hata kengele huna. Tulicheka kweli siku ile. Baadaye akawa anatia chumvi kwenye chai na kunywa bila kukunja uso, halafu kichwa kikaanza kumuuma kila asubuhi, anatapika. Majirani wakasema karogwa. Mjomba, mtoto wake wa kiume anayekaa mjini Kambarage, akaja kumchukua apelekwe kupimwa. Kipimo kikaonyesha uvimbe ndani ya kichwa, mbele, upande wa kulia, mkubwa kama yai la kanga. Tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa, mbali, kwa basi. Njia nzima bibi alilala kichwa begani kwangu. Akiamka anasema bega langu lina mifupa kama mbuzi wa kiangazi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama mmoja mpole, anaongea taratibu kama mtu anayepima maneno kabla hajayatoa. Alitukalisha wote watatu, akaeleza. Shida ya uvimbe wa namna hii, alisema, ni kwamba kwa macho unafanana na ubongo mzima, ule usio na ugonjwa. Ukikata kwa kukisia, utaacha uvimbe au utachukua kisichokuwa uvimbe. Kwa hiyo asubuhi ya upasuaji bibi angepewa dawa ya kunywa. Uvimbe unaifyonza ile dawa. Wakishafungua, wanazima taa za kawaida, wanawasha ya bluu kwenye darubini, na uvimbe unawaka pinki kama kaa la moto. Ubongo mzima unabaki na bluu yake.

"Dokta," nikasema, "hiyo taa mngetuletea machimboni tungeshukuru sana."

Mjomba akanikanyaga mguu. Bibi akasema, "Mwache, ndo kasoma huko shimoni."

Daktari akatabasamu, ila hakuwa amemaliza. Alisema kati ya ile pinki kali na bluu kuna sehemu inawaka kidogo tu. Pinki hafifu. "Pale," akasema, "uvimbe na bibi yenu wamechanganyika." Wakiondoa na ile hafifu, uvimbe utachelewa sana kurudi. Wakiiacha, utarudi mapema. Lakini ubongo wa sehemu ile ndo una mambo ya mtu na tabia yake, haya, hasira, mizaha. Ataongea na atatembea, ila anaweza kuamka akawa mtu mwingine kidogo. Akamgeukia bibi.

"Mama, unataka twende mpaka wapi?"

Bibi akaninyooshea kidole. "Muulize mume wangu. Si ndo mchimbaji?"

Wote tukacheka, hata daktari. Alipomuuliza mara ya pili kama anasema kweli, bibi akasema kweli, atakachosema huyu ndo hicho hicho. Mjomba naye akanitazama. "Sema wewe. Wewe ndo umekaa naye."

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu. Kwenye duara, lile shimo tunalochimba, unafuata mwamba wa dhahabu kwa tochi ya kichwani. Mwamba hauishi kwa kukatika kama ukuta wa nyumba. Unafifia, unafifia, mpaka unabaki na jiwe ambalo halina maana yoyote. Mzembe anaishia pale macho yake yanapoishia. Aliyefundishwa vizuri anakwangua na ukuta, upana wa kiganja hivi, maana dhahabu ina tabia ya kujibanza kwenye jiwe linaloonekana la bure. Mimi nilifundishwa vizuri. Nimeshawahi kumgombeza mwenzangu kwa kuacha ukuta.

"Kwangua, dokta," nikasema. "Na hiyo hafifu toa. Sisi tunakwangua mpaka ukuta."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Kwenye kichwa, kijana, ukuta ndo mtu mwenyewe."

Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa kitu. Nilikuwa nawaza uvimbe tu, kwamba usirudi. Nilitaka bibi aishi miaka mingi anitukane, na nilivyoona mimi hayo yote mawili yalikuwa jambo moja.

Asubuhi ile akanywa dawa yake akiwa amekunja uso. Walituambia akishainywa asikae kwenye mwanga mkali siku hiyo na inayofuata, ngozi inaweza kuungua. Pazia zikafungwa. Mimi nikaongeza na kanga, nikamfunika mpaka puani.

"We mwanaume," akasema humo ndani ya kanga, "unanifunika hivi, nani kakwambia mimi maandazi?"

Wakaja kumchukua na kitanda chake.

Walipomaliza daktari alitoka amechoka, akasema imeenda vizuri. Nilimwomba nione. Akanionyesha picha kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa giza la bluu, katikati kunawaka pinki, na Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona jiwe limewaka vile. Ya pili ilionyesha shimo limebaki na ukungu wa pinki pembeni, kama moshi. Ya tatu ilikuwa bluu yote. Safi. Mchimbaji yeyote angeshika mkono wa fundi wa kazi ile, na mimi nikaushika.

Siku ya pili bibi akawa macho kabisa. Chumba bado cha giza, bandeji kichwani. Nikaingia nimejiandaa. "Haya, mke wangu, na kilemba hicho unaolewa na nani tena?"

Akanigeuzia uso. Macho yake, sauti yake.

"Marahaba, baba," akasema, kama vile nilikuwa nimemwamkia. "Umeshakula?"

Nesi akafurahi, akasema bibi anaongea vizuri. Mjomba akamshukuru Mungu kwa sauti, machozi yanamtoka. Mimi nikasema nimekula, nikatoka nje kwenye korido, nikasimama nikiangalia tangazo la kunawa mikono. Sikumbuki nililisoma mara ngapi.

Hiyo ni mwaka juzi. Kila akipelekwa kupigwa picha wanasema hakuna kilichorudi. Mguu umepona, anapalilia karanga zake mwenyewe, chai anaweka sukari. Nikifika ananipokea mzigo, ananiuliza safari, ananiuliza kama kuna mvua huko. Mpole, ana adabu, hana neno baya kwa mtu. Majirani wananiambia bibi yako kawa mama mtakatifu. Nawajibu ndiyo, tumebahatika. Ningewaambia nini? Kwamba nina njaa ya kuitwa gunia? Huko kwenye duara, nikiwa nimejikunja na nyundo, mtu akisema jambo la kijinga najikuta nasubiri sauti ya bibi imjibu. Mara nyingine namjibu mimi mwenyewe, kwa sauti yake, wenzangu wanacheka. Wanadhani ni maneno ya kwangu.

Nilimpigia daktari simu mara moja, nikamuuliza kama ile hafifu ndo ilikuwa na utani wa bibi. Alisema hawezi kujua, hakuna taa ya kuonyesha hilo. Akasema pia, bila ile hafifu kuondoka, huenda leo tusingekuwa tunaongea habari za utani. Namwamini. Ukinirudisha kwenye kile kiti na kuniuliza tena sijui ningesema nini, na nimejiuliza mara nyingi.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa naye jikoni anachambua mboga. Nikamchokoza na kila nilichonacho, anaitikia tu, "Ndiyo, baba." Basi nikaamua kucheza pande zote mbili, nimtanie halafu nijijibu kwa niaba yake. Nikajiambia sura imekaa kama kiatu kilichonyeshewa. Nikajiambia nimekwenda kuchimba dhahabu nikarudi na chawa. Mwisho nikamgeukia yeye, nikasema huyu mjukuu wako ni hasara tupu, hata mbuzi hawamwamkii.

Mikono yake ikasimama kwenye mboga.

"Usimseme hivyo," akasema. Hakuwa anatania, nilimwangalia mdomo kwenye kona, pale kicheko kilikuwa kinaanzia zamani. Palikuwa pametulia. "Huyo kijana anafanya kazi ngumu. Anakuja kuniona kutoka mbali. Usimseme."

"Sawa, bibi," nikasema. "Samahani."

Akanisogezea ungo, nikaanza kuchambua na mimi.