Kikohozi Nyuma ya Migomba

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, mvua imekatika alfajiri na uwanja wa nyumba yetu pale Ipyana umelainika kama uji. Hata leo nikisikia mtu akikohoa karibu na migomba, moyo hunishtuka. Nitakueleza kwa nini, maana aliyekohoa siku ile nimemzika mwaka huu, na sitaki jambo hili liende naye.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na vipuri tulivyokuwa tukivisikia tu vikaanza kuonekana madukani. Bwana Salimu, mwenye duka mjini Kyela, mtu wa asili ya pwani, alikuwa na Landrova kuukuu ya kwendea Lyulilo, kule ziwani, kuchukua vyungu na samaki. Upande mmoja wa nyuma ulikuwa umelala. Vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chasisi vilikuwa vimeliwa na kutu. Akaleta vipya na bushi zake za mpira, akamkabidhi baba yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha ufundi.

Tuliinua gari kwa jeki tuliyoiweka juu ya ubao, tukatoa gurudumu. Baba akajiingiza chini, kifua juu. Mimi nilikuwa nyuma na mtaimbo, naisukuma springi ili matundu yalingane, naye apitishe bolti. Kazi ile inakutaka ulitazame tundu tu. Huoni kingine.

Sasa, ninyi wa leo huenda hili hamlijui sawasawa. Kwetu Wanyakyusa, mke humwogopa baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hapazi sauti wala hasogei alipo. Mke wangu Atupele, ambaye wakati ule alikuwa na mimba yetu ya kwanza, akileta chakula alisimama nyuma ya migomba, amejifunika kanga kichwani, akakohoa. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kupokea.

Basi akakohoa. Nikajua chakula kimefika.

"Subiri kidogo," nikamwambia bila kugeuka.

Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Bwana Salimu alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wangu, tasbihi mkononi. "Kijana, mkeo ana kifua huyo," akasema. "Au ndizi zinapoa?"

"Ndizi za huku hazipoi upesi, Bwana Salimu," baba akajibu kutoka chini ya gari. "Labda mnazopika ninyi huko mjini."

Tukacheka wote watatu. Atupele akakohoa mara nyingine, na safari hii sauti ilimkatika katikati.

Kisha nikasikia chungu kikivunjika. Atupele akanipita mbio, kanga imemdondoka, akainama, akamshika baba miguu yote miwili na kumvuta. Gari likashuka. Ngoma ya breki ikazama kwenye tope pale pale kilipokuwa kifua cha baba.

Kutoka kwenye migomba alikuwa ameona ambacho mimi sikukiona. Ubao ulikuwa ukizama upande mmoja, na jeki ikilala polepole.

Bwana Salimu alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Hapo Atupele akatambua ameshika miguu ya nani. Akaiachia, akapiga magoti, akajifunika uso kwa viganja kwa kuwa kanga ilibaki kule. Nami, nitakwambia ukweli, hofu ya jeki ilikuwa imenitoka. Nilichoogopa sasa ni alichokifanya. Wazee walisema mwanamke akiuvunja mwiko ule, ubaya humrudia yeye na kilicho tumboni mwake.

Baba alikaa kwenye tope kitambo, akihema. Akamgeuzia Atupele mgongo, akalitazama gari, akasema nami.

"Mkeo alikuwa anakuita."

Nikautazama mtaimbo niliokuwa bado nimeushika, naye akaendelea:

"Mtu akikohoa ukamjibu, naye akakohoa tena, hapo hakuna habari ya chakula. Weka chuma chini, nenda kamtazame."

Halafu, mgongo wake ukiwa vilevile, akasema neno moja la Kinyakyusa, na hakuniambia mimi. "Ndaga." Yaani asante. Hakuwahi kumwambia Atupele neno jingine, hadi tukamzika baba.

Hofu haikuisha siku ile. Mimba ilipokuwa ikikua, Atupele alikuwa akiacha alichokishika na kutulia, mkono tumboni, akisikiliza kama mtoto anacheza, nami nasimama mlangoni nikiusoma uso wake. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Baba akamtuma mama amletee Atupele kanga mpya.

Mwanangu, waheshimu wakwe zako, na mila uliyoikuta usiichezee. Lakini ukiona roho ya mtu iko hatarini, piga kelele, shika, vuta. Mengine yatazungumzwa mtu akiwa hai. Na wewe unayeitwa, fahamu kwamba wako watu nyumbani mwako ambao hawawezi kukwambia jambo waziwazi, kwa hofu au kwa heshima. Usiwajibu kwa mdomo huku mikono iko kwenye kazi. Inuka ukawatazame.

Atupele alipougua mwaka huu, kila alipokohoa niliinuka. Sasa nyumba iko kimya, na bado kuna nyakati mimi huinuka.

Mungu akupe masikio ya kusikia mara ya kwanza, na akuwekee karibu mtu atakayethubutu kukuvuta.