Maranda ya Kukaanga

Ruwaida hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Amekulia dukani kwa baba yake, Iringa mjini, na hata ualimu anaufanya kwa kupatana. Alipohamia Mafinga kufundisha sayansi, alikuta shule haina maabara. Akaomba stoo iwe maabara, akapewa; fundi mmoja akampa meza mbovu, akazigongea misumari mwenyewe.

Mwaka huu mahindi ya chakula cha wanafunzi yalipozidi, mkuu wa shule, Mwalimu Philbert, akaitaka stoo hiyo ya kuwekea magunia. Ruwaida hakubembeleza. Alimwambia aje aone kipindi kimoja tu. Kikiharibika, atabeba magunia mwenyewe. Mkuu akakubali. Lori la mafuta lilikuwa limepinduka barabara kuu, dizeli ikateremkia kijitoni, na darasa zima likawa linauliza mafuta hutolewaje kwenye maji. Kipindi kilikuwa hicho.

Basi wakamwaga oili chafu ya gereji kwenye beseni la maji, ikatanda nyeusi. Maranda ya kuifyonza Ruwaida aliyatoa kiwanda cha mbao. Makavu yalikuwa yanauzwa kwa wafuga kuku. Yeye akachukua mabichi, yaliyotoka kwenye msumeno muda huohuo, kwa kuwa yalikuwa ya bure.

Yakanyunyizwa. Kidogo kidogo yakazama, oili ikabaki juu inang'aa.

"Madam, yamekunywa maji," akasema Kalinga, mwanafunzi aliyeshika beseni.

Mkuu akajinyoosha kwenye kiti. "Nitume vijana wakalete magunia, Mwalimu?"

"Kengele bado, Mkuu."

Ruwaida alikwishaliona kosa: mbao mbichi imeshiba maji tayari, oili itaingilia wapi? Akabeba gunia la maranda hadi jikoni, darasa zima nyuma yake. Yusta, mpishi, aliuliza kama leo wanafunzi wanakula mbao, kisha akatoa sufuria kwa sharti kwamba wataisugua wenyewe. Maranda yakakaangwa. Wanafunzi wakagombania mwiko, harufu ya mbao za msindano ikajaa uwanjani, yakageuka rangi ya karanga zilizoiva. Wakayapepea kwa madaftari mpaka yakapoa.

Beseni la pili. Safari hii maranda yalielea, na oili ikayafuata kama inaitwa. Yakawa meusi, yakashikana mabonge, Kalinga akayaopoa kwa chujio la chai. Wa nyuma walikuwa wamepanda juu ya madawati. Bado kulikuwa na utando mwembamba. Wakanyunyiza tena, wakaopoa tena.

Mkuu akadai karatasi nyeupe. Akailaza juu ya maji, akaiinua, akaikausha juani dirishani, akaigeuza huku na huku. Hakuna doa la mafuta. Darasa likalipuka kwa kelele.

"Mwageni nyingine," akasema, anakunja mikono ya shati. "Tena nyingi."

Ruwaida alisubiri mpaka mkuu amezama kwenye beseni, mikono imelowa hadi viwiko.

"Mahindi yatakaa wapi, Mkuu?"

"Ofisini kwangu. Hebu ona inavyoingia."

"Naona. Na rafu tatu za vifaa."

"Moja."

"Mbili, na kufuli."

"Mbili, kufuli utanunua wewe. Nipe hilo chujio."

Ruwaida akampa.