Meno ya Mzee Odongo

Iko Ijumaa moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu. Nimezunguka sana tangu wakati huo, Kisumu hadi Mbita, Mbita hadi Usenge, kamera begani, na hata haya nakuandikia kwenye chumba cha kukodi ambacho nitakihama kesho kutwa. Siku ile hunifuata kote. Uliponiuliza juzi uanze na programu gani ya kurekebisha picha, kati ya hizo nyingi ambazo rafiki zako wanazisifu, nilisema nitakuandikia, kwa sababu siku hiyo ilikuja ikakaa mbele yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi kwa Mzee Wasonga, mwenye studio ya picha pale Nyalenda, Kisumu. Maisha yake yote alisafisha picha kwa dawa katika chumba cha giza. Halafu akanunua kompyuta iliyotumika, yenye kelele kama kinu cha posho, pamoja na skana ya kuingizia picha. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee, nzito na yenye vifaa vichache, lakini kila ulipofungua picha ilitengeneza nakala kwanza, ile ya asili ikabaki pembeni bila kuguswa. Ya pili niliipata kwa rafiki aliyekuwa akisoma Maseno. Hiyo ilikuwa na brashi ya ajabu: unachota ngozi ya shavu, unapaka juu ya kovu, kovu linatoweka. Ila ukihifadhi kazi, inaandika juu ya picha ile ile.

"Hiyo ya rafiki yako siijui," Mzee Wasonga aliniambia. "Na kama sijui inaweka wapi ya zamani, siipi kazi ya mteja. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilisema ndiyo Mzee, nami moyoni nikamcheka.

Wiki ya ile Ijumaa, Mzee Odongo, mvuvi tuliyemjua sote, alizama. Mashua ilipatikana, yeye hakupatikana. Wewe umekulia Nairobi, acha nikueleze. Kwetu mwili ukikosekana, hatuwezi kukaa hivi hivi. Tunachukua yago, lile tunda refu na zito la mti wa porini, tunaenda nalo ziwani, tunamwita marehemu kwa jina, kisha tunalizika badala yake. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Kaburini lingeingia tunda, kwa hiyo uso pekee ambao watu wangeuaga ulikuwa wa kwenye picha.

Na picha ilikuwa moja tu, ambayo mkewe aliileta studio Ijumaa asubuhi. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo cha fremu. Mzee Wasonga aliibandua polepole, akaipitisha kwenye skana, na tulipojaribu kuitoa ikavunjika vipande vidogo visivyounganika, kama chapati ya juzi. Akavikusanya vile vipande.

"Basi," akasema, "sasa Odongo yuko ndani ya mashine hii tu. Futa madoa, usiguse kingine." Akaenda Maseno kupiga picha za sherehe fulani, akaniachia ufunguo.

Hakuwa amefika mbali, akaingia Ouma, mtoto wa marehemu, mfanyakazi wa ofisini Nairobi, tai shingoni na macho mekundu. Nilimwonyesha picha. Babake alikuwa anacheka kwa mdomo wote, na pale chini mbele palikuwa na pengo pana, kwa maana watu wa rika lake waling'olewa meno sita ya chini walipokuwa vijana. Ilikuwa alama yao.

"Bro," Ouma aliniambia kwa sauti ya chini, "wakubwa wangu wa kazi watakuja kesho. Unaweza kumwekea meno?"

Nilipaswa kukataa. Lakini mwanangu, fundi mgeni akiulizwa kama anaweza, huwa hasikii swali lingine. Nilifungua ile programu ya rafiki yangu. Nikachota meno ya juu, nikayageuza kichwa chini, nikayapanga penye pengo. Yalikaa vizuri mno. Stima zilikuwa zinachezacheza, taa inafifia na kurudi, nikaogopa kazi itapotea. Nikahifadhi haraka, nikafunga. Haraka ile nilidhani ni busara.

Mama Ouma alifika mchana kuchukua picha, kanga ya kufiwa kiunoni. Akasimama mbele ya kioo cha kompyuta. Akasogea. Akarudi nyuma.

"Kijana, huyu ni nani umeniwekea hapa?"

"Mama, ni baba," Ouma akasema. "Amerekebishwa kidogo tu."

"Baba yako alianza lini kuwa na meno ya kutangaza dawa ya mswaki?" Mtu mwingine angecheka. Yeye alimgeukia mwanawe. "Ouma, kesho tunazika yago. Yago haina macho, haina mdomo. Tukisimama ziwani tumwite, aje aone tumebeba uso wa mgeni, atajua ni yeye tunamwita? Atabaki huko kwenye maji. Na usiku atakuja kuuliza kwangu, si kwako Nairobi."

Mimi nilikuwa tayari nimeshika kipanya, natafuta njia ya kurudi nyuma. Haikuwapo. Nilifungua faili, meno yakanitazama. Nikafunga, nikafungua tena, meno yale yale. Ziwa lilikuwa limechukua mwili wa mtu yule, nami nilikuwa nimechukua uso wake. Hapo nilijua hofu, mwanangu. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kwamba kuna mtu duniani ambaye hataonekana tena, na mkono wa mwisho kumgusa ulikuwa wangu.

"Rudisha," Mama Ouma akasema.

"Mama, siwezi. Maji yamemwagika."

Alikaa kwenye stuli ya wateja. Kisha akafungua mdomo wake, akavuta mdomo wa chini kwa kidole. Naye alikuwa na pengo lile lile.

"Tulitolewa msimu mmoja, mimi na yeye," akasema. "Alipenda kunitania kwamba langu ni mlango wa ng'ombe. Chukua hili."

Nilimpiga picha kwa filamu, mdomo peke yake, mikono yangu ikigonga kamera. Nikaingia chumba cha giza, nikasafisha, nikikohoa na kumwomba Mungu stima zisipotee. Nikaikausha mbele ya feni, nikaipitisha kwenye skana. Niliporudi kwenye kompyuta nilifungua ile programu nzito ya Mzee Wasonga. Ilijikongoja kama kobe, ikatengeneza nakala yake kwanza, nami kwa mara ya kwanza nikaona faida ya kobe. Mara mbili nilikosea, mara mbili nilirudi nyuma. Mama alikaa kando yangu. "Hapana, shuka. Kulia kidogo. Hapo alikuwa anabana akicheka." Ouma alishika taa.

Jua likielekea kushuka, Mama Ouma aliweka kidole gumba juu ya lile pengo kwenye kioo. "Ee," akasema. "Nimekuona, baba Ouma." Ndipo akalia.

Mzee Wasonga aliporudi nilimweleza yote. Hakunipigia kelele.

"Uliogopa?"

"Sana, Mzee."

"Basi usipone hiyo hofu."

Jumamosi walimwita Odongo ziwani kwa jina lake, wakaizika yago, na picha ikasimama juu ya kiti kando ya kaburi. Watu walisema, ndiye huyu kabisa. Hawakujua kwamba alizikwa na pengo la mkewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, mwanangu. Usiniulize programu ipi ina brashi nzuri zaidi. Chukua ile ambayo inakuachia picha ya asili mahali unapopajua, hata kama ni ya polepole na rafiki zako wanaicheka. Ijaribu kwanza kwa uso wako mwenyewe, ukiharibu uharibu chako. Jifunze kurudi nyuma kabla hujajifunza kwenda mbele. Na siku mtu atakapokuletea picha ya mpendwa wake, muulize kwanza ni kitu gani hapo hakiruhusiwi kuguswa, maana kile unachokiona ni kasoro huenda ndicho atakachotambuliwa nacho.

Mungu akupe jicho la kuona na mkono unaotetemeka kidogo. Kila uso utakaopita kwako utoke ukiwa bado na mwenyewe, na siku watakapokuita kwa jina, wawe wameshika picha yako halisi.